Mmefungia kitabu bila kukisoma, halafu sisi ndio tunaitwa wachochezi

Wakuu, nina hasira na leo nazimwaga zote.

Kuna shule moja ya sekondari hapa Lindi mjini, jina nalihifadhi, ambako tunaendesha klabu ya usomaji na vijana wa kidato cha tatu na cha nne. Wiki iliyopita nakala zetu zote za Noughts & Crosses cha Malorie Blackman zilibebwa kwenye boksi na kufungiwa ofisini. Sababu tuliyopewa ni kwamba kitabu kinapandikiza ubaguzi wa rangi na kufundisha watoto kulipiza kisasi. Nikauliza, ukurasa gani? Kimya. Kikao kizima hakuna aliyekifungua!

Kwa msiokijua, kilitoka Uingereza mwaka 2001. Ni nchi ya kubuni ambamo weusi ndio wenye serikali, mali na shule nzuri, na weupe ndio wanaodharauliwa. Sephy ni binti wa waziri mweusi. Callum ni kijana mweupe ambaye mama yake aliwahi kuwa mtumishi kwa kina Sephy. Wanapendana, na nchi haitaki. Kuna kipande kifupi tu, binti mweupe kabandika plasta usoni, nayo ni ya kahawia iliyokolea, maana za kufanana na ngozi yake haziuzwi. Tulipofika hapo kijana mmoja akasema, mbona za duka la dawa hapa kwetu zote zimefanana na ngozi ya Mzungu? Wakaanza kubishana wenyewe, na kengele ya kutoka ikalia hawajanyanyuka. Huo ndio uchochezi?

Tuje kwenye kisasi (ambaye hajasoma aruke aya hii). Callum anaingia kwenye kundi la wapiganaji na mwisho wake ni kitanzi. Kaka yake Jude, kwenye kitabu cha pili, Knife Edge cha mwaka 2004, amejaa chuki kiasi kwamba hata anapoanza kumpenda msichana mweusi, anamuua msichana huyo kwa mikono yake. Amelipiza nini hapo? Kabaki hana kitu. Mtu anayesema habari hiyo inawavutia watoto kwenye kisasi hajaisoma, anadanganya.

Kilichoniudhi zaidi ni mzee wetu mmoja, namheshimu, aliyesema hayo ni mambo ya kizungu na sisi hayatuhusu. Hayatuhusu, mzee wangu? Sisi watu wa Kusini? Kilwa Kivinje iko mkoa huuhuu. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga pale Hassan bin Omari Makunganya kwa sababu alikataa kutawaliwa, na mahali hapo hadi leo panaitwa Mwembe Kinyonga. Miaka kumi baadaye Maji Maji ikalipuka Umatumbi. Akaja Mwingereza, na shule zikawa za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali. Hata uchaguzi wa mwaka 1958 ulikuwa wa kura tatu, kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wazee waliosoma kwenye shule hizo bado tunao mitaani.

Tuna binti anayetoka Kivinje. Tulipofika kwenye kunyongwa kwa Callum ni yeye aliyeleta habari za Makunganya, na wenzake, watoto wa mkoa huu, wengi walikuwa hawajawahi kulisikia jina hilo. Hilo ndilo lingepaswa kuitishiwa kikao.

Nakala zile tulizichangia wenyewe, wengine kwa pesa ya korosho. Tunazitaka. Na kabla ya kikao kingine, kila anayetaka kupiga kura achukue nakala moja nyumbani, aisome mpaka mwisho, kisha aje na ukurasa wake mkononi. Wazazi wenye watoto shuleni pale, mna habari kweli? Au mmesikia hapa?