Naomba ushauri: nianzie wapi kujifunza usanifu wa saketi za redio?

Chipukizi wa Saketi
Wakuu, habari za jioni. Nina diploma ya elektroniki. Pawa saplai na amplifaya za sauti nazimudu vizuri. Sasa nimetengeneza kifaa cha kupima maji kwenye simtanki, kinatuma taarifa kwa moduli ya redio ya 433 MHz. Kiko kwenye bredibodi (ubao wa kuchomeka vipande bila kulehemu). Nikihamia chumba cha pili mawasiliano yanakatika, nikigusa waya yanarudi! Multimita inasema kila kitu kiko sawa. Nataka kuelewa hasa kinachotokea, nimechoka kubahatisha. Nianze na hesabu au ninunue vifaa? Bajeti ni ndogo.

Mzee wa Mnara
Karibu kijana. Hapo multimita haina la kukusaidia. Waya wa sentimita 1 una indaktansi (tabia ya koili ya kupinga mabadiliko ya mkondo) ya takriban nanohenri 10. Kwenye umeme wa 50 Hz hiyo huioni kabisa, lakini piga 2πfL (f ni masafa, L ni indaktansi) kwa 433 MHz: unapata upinzani wa kama omu 27. Kwa hiyo kila waya uliochomeka hapo ni koili ambayo haimo kwenye mchoro wako, na zile safu za bredibodi ni kapasita. Ukigusa, mwili wako nao umeingia kwenye saketi.

Anza na urefu wa wimbi. Gawa 300 kwa MHz, jibu ni mita. Kwa 433 ni sentimita 69. Robo yake, kama sentimita 17, ndiyo antena yako. Kata waya wa kipimo hicho, usimamishe wima juu ya bamba la shaba lililoungwa na ethi ya moduli, kisha urudie jaribio lako la vyumba viwili.

Binti Mawimbi
Naunga mkono. Hesabu unayoihitaji sasa si nyingi: namba changamano, desibeli (0 dBm ni miliwati 1, kila 10 dB ni mara kumi), na mawimbi yanayorudi kwenye redio badala ya kuingia kwenye antena. Hilo la mwisho lishike sana. Redio ya omu 50 ikikutana na antena ya omu 75, chukua tofauti yao 25 gawa kwa jumla yao 125, ni 0.2, kipeo chake cha pili ni 0.04, yaani asilimia 4 tu ya nguvu inarudi. Antena ikiwa omu 500, inarudi asilimia 67! Ukishazoea hesabu hiyo ndipo uifungue chati ya Smith, mchoro wa duara unaoonyesha hesabu hizo kwa macho. Phillip Smith wa Bell Labs aliichapisha mwaka 1939 na mpaka leo imo kwenye skrini za vipimo.

Fundi Kalibra
Pesa ikipatikana, nunua NanoVNA (kipimo kidogo kinachorusha mawimbi ya masafa tofauti na kupima yanayorudi) kabla ya oskiloskopu. Ikalibreti kwa ncha iliyo wazi, iliyofupishwa, na ya omu 50, tena pale pale mwisho wa kebo utakapofunga antena. Kisha pima kapasita yenye miguu mirefu. Masafa yakipanda utaiona kwa macho yako ikigeuka koili.

Chipukizi wa Saketi
Asanteni sana wakuu. Baadaye nikitaka kuongeza nguvu ya kurusha, kuna kibali?

Mzee wa Mnara
Kwa Tanzania masafa yako chini ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano), waulize masharti ya 433 MHz na kiwango cha nguvu kabla hujafunga amplifaya yoyote. Majaribio ya mezani fanya kwa mzigo (rezista) wa omu 50 badala ya antena.