Naomba ushauri: PC ya gemu inazima ghafla katikati ya mechi

Wakuu habari za muda huu. Niko Nkuhungu, Dodoma, na hii mashine inanitoa jasho. Nikiandika au kuangalia muvi, inakaa siku nzima bila shida. Nikifungua gemu zito, dakika 10 au 15 tu, pap! Inazima kama umechomoa waya. Hakuna skrini ya bluu, wala haigandi kwanza. Ikiwaka, Windows inaandika Kernel-Power 41, ambayo inasema tu kwamba haikuzimwa vizuri, sababu haitaji.

Vumbi la huku mnalijua. Nimepuliza feni zote, nikabadilisha na pesti ya kupitisha joto ya prosesa. Joto la prosesa halizidi nyuzi 70, kadi ya picha 74.

Ninachoshuku ni pawa saplai (kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya mashine): ya wati 450, niliikuta humo niliponunua mtumba, na kadi ni RTX 3060 ambayo watengenezaji wanapendekeza wati 550. Fundi anang'ang'ania ni RAM, anataka laki na nusu. Nimezijaribu moja moja, bado inazima vilevile.

Je, kuna namna ya kuipima pawa saplai bila kuazima nyingine? Rafiki zangu wote wana laptop.