Mwanafunzi anayezungumzia kutokuwepo: mlezi aanzie wapi?

Mlezi wa Bweni
Habari zenu ndugu zangu. Nimekabidhiwa ulezi wa bweni la wasichana wa kidato cha tatu, kazi ambayo sikuisomea. Yupo binti mmoja ambaye tangu shule ifunguliwe hali chakula cha jioni, hukaa macho hadi alfajiri, na juzi aliwaambia wenzake kwamba asingekuwepo, kila mtu angepumua. Ofisini wanasema ni mambo ya umri, na mmoja amependekeza aitwe mbele ya kamati ya nidhamu. Nizungumze naye vipi, na je, nikimuuliza kuhusu kujiua sitakuwa nimempa wazo?

Muuguzi wa Zamu
Mwalimu, muulize waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo, mara nyingi humtua mzigo. Akikubali, uliza kama ameshapanga namna na wakati, kwa sababu mwenye mpango haachwi peke yake, hata kwenda chooni, mpaka afikishwe kwa mtaalamu. Dawa, nyembe na viuatilifu vya shamba la shule vifungiwe siku hiyo hiyo. Usimwahidi siri, mweleze mapema kwamba jambo likigusa uhai wake utamshirikisha mtu mwingine, na mumchague pamoja. Anzeni hospitali ya wilaya, wao ndio watakaoona kama inahitajika rufaa ya Muhimbili au Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure.

Mama Watatu
Nakubaliana na Muuguzi, ila sisi wazazi tukisikia Mirembe tunakimbia. Ukimpigia mama yake, anza na chakula na usingizi, mambo ambayo mzazi yeyote huyaelewa. Akitaka kumpeleka kwa shehe au mchungaji, msibishane, mradi kliniki isikatizwe.

Mwalimu wa Kisumu
Kamati ya nidhamu, hapana kabisa. Huku Kenya jaribio la kujiua lilikuwa kosa la jinai hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, na hofu ya kushtakiwa iliwafanya wengi wafiche. Kuhusu kutosomea, kule Harare daktari Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi wa mtaani kusikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki, nao si wataalamu.

Mlezi wa Bweni
Ahsanteni. Nitaketi naye leo baada ya masomo, nje ya ofisi. Mkuu wa shule akishikilia kamati je?

Muuguzi wa Zamu
Mwandikie kwa maandishi yale binti aliyosema, pamoja na tarehe, na ubaki na nakala.