Mjadala: Kompyuta ihesabu mikorosho ili kupanga mgawo wa salfa?

Mtoa mada: Wadau wa Mtwara na Lindi, mgawo wa salfa ya ruzuku, dawa ya kupulizia mikorosho, ukipangwa na programu inayohesabu mikorosho kwa picha za setilaiti, badala ya daftari la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), mkulima anapona au anaumia?

Karani wa Newala: Anapona. Daftari lina mikorosho hewa. Mtu ana miti 60, kaandikisha 200, salfa inayozidi anaiuza. Setilaiti haina shemeji.

Mpimaji: Haina shemeji, mkuu, ila na macho yake si kama unavyodhani. Picha za bure za setilaiti za Sentinel-2, nukta moja ya picha ni mita 10 kwa 10 za shamba. Mikorosho iliyopandwa mita 12 kwa 12, kama miti 28 kwa ekari, inakadirika. Njoo sasa mashamba ya wazee: matawi yamefungana, miti mitatu inasomeka mmoja, na mwembe wa katikati nao umehesabiwa mkorosho. Salfa ya unga ni gramu 250 kwa mti, awamu tano, yaani kilo 1.25. Programu ikikosa miti 40, zimepotea kilo 50, mifuko miwili ya kilo 25. Ubwiriunga, ukungu unaoshambulia maua ya mkorosho, haungoji rufaa, maua yakishaungua basi. Pa kukimbilia panabaki kwa mnunuzi wa kangomba, anayenunua korosho kinyemela kwa bei ya chini.

Karani wa Newala: Si atalalamika?

Wakili wa Lindi: Kwa nani, na lini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kudai uamuzi unaomgusa kwa uzito usitolewe na mashine peke yake. Ukishatolewa hivyo, aarifiwe, na anaweza kutaka uangaliwe upya. Basi orodha ibandikwe wiki mbili kabla salfa haijashuka, iwe na namba ya usajili na idadi ya miti tu. Majina na simu visionekane ubaoni, matapeli wa "ile hela tuma namba hii" hawahitaji msaada wetu. Anayepinga, afisa aende shambani akahesabu kwa miguu.

Mpimaji: Na kwanza chagueni mashamba 30 kwa kura, machanga na makongwe, myahesabu kwa mkono, mlinganishe. Makongwe yakikosewa sana, yatoeni kwenye programu.

Karani wa Newala: Na shamba lililowekwa rehani? Anayepulizia siye mwenye jina.

Wakili wa Lindi: Hilo hata daftari lako halijaliweza, ndugu yangu. Fomu iwe na safu mbili, mwenye shamba na anayevuna msimu huu, wote wasaini.