Nyumba ya juu ya mawe Isamilo: vuli hii nipande nini?

MgeniWaMawe
Wakuu, habari za Jumapili. Nimehamia Isamilo kutoka Moshi, nyumba ya kupanga, juu kabisa, na nyuma yake kuna jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Mwenye nyumba kaniruhusu nipande ninachotaka. Kule Moshi nilizoea kuchomeka mche na kwenda zangu. Hapa udongo ni mchanga mtupu, na kuna sehemu sururu inagonga mwamba kabla haijazama. Maji ya bomba ni ya mgao. Mvua za vuli ndiyo zimeanza, mke wangu anataka parachichi, mboga za majani na nyanya. Jirani ananishauri nikalime ukingoni mwa ziwa, eti maji bure. Nianzie wapi?

MamaKitalu_Mabatini
Karibu Mwanza, baba. Ya ukingoni achana nayo. Sheria ya Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ufukweni, na ndani ya hapo kilimo chako kitaishia kung'olewa.

Parachichi ndilo linalowaponza wageni wote wa Kilimanjaro. Kwenu udongo una kina. Chukua mtaimbo, choma kila baada ya hatua mbili kuzunguka nyumba. Ukipata mahali unapozama hadi usawa wa kiuno, rudi hapa tuzungumze. Usipopata, mama akanunue parachichi sokoni Kirumba.

Sasa niambie hilo jiwe liko upande gani wa nyumba, na mvua ikinyesha maji yake yanamwagikia wapi. Bila hayo mawili siwezi kukutajia mche hata mmoja.

Ngosha_Buswelu
Mama, mbona unamkatisha tamaa? Achimbe shimo hata kwenye mwamba, ajaze samadi na udongo mweusi wa mbuga, apande parachichi la kubebesha. Linatoka.

MamaKitalu_Mabatini
Ngosha, wewe uko Buswelu, unalima kwenye tambarare. Shimo kwenye mwamba ni beseni. Masika maji yanajaa humo hayana pa kutokea, mizizi ya parachichi inaoza, na majani yananyauka huku chini kumelowa. Halafu mwenye mti anazidi kumwagilia akidhani una kiu. Na huo udongo wa mbuga ndio unaoshika maji kuliko wote!

MgeniWaMawe
Shikamoo mama. Nimechoma mtaimbo jana jioni. Mahali pa kina zaidi umeishia magotini. Jiwe liko magharibi, na maji yake yanashuka kwa mkondo mmoja hadi kona ya jikoni, yanachimba mfereji.

MamaKitalu_Mabatini
Marahaba. Hapo umenipa kazi rahisi.

Hiyo kona ya jikoni ni mali. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Jiwe lako likiwa na mita 20 tu zinazoelekea huko, mvua ya milimita 10 inakushushia karibu lita 200, na bomba halijafunguliwa. Panga mawe madogo kwa kukingama mkondo, tope litulie nyuma yake, uongeze samadi, kisha weka migomba miwili. Mgomba unapenda hayo maji. Mpapai usiuweke hapo, ukisimama kwenye maji siku mbili unakufa. Mpapai uweke pembeni kwenye mchanga, miche mitatu shimo moja, ikitoa maua ung'oe madume.

Kati ya nyumba na jiwe unapata jua la asubuhi, na mchana jiwe linakupa kivuli. Hapo ndipo pa mchicha, chainizi na sukuma wiki. Mchicha wa vuli unachuma ndani ya wiki nne. Mchanga unapitisha mbolea upesi, kwa hiyo tia samadi iliyooza kidogo kidogo mara nyingi, usimwage toroli zima siku moja, na tandaza nyasi kavu.

Nyuma ya jiwe, upande unaopigwa na jua la jioni, usipeleke chainizi. Jiwe linatunza joto hadi usiku. Mgagani, kunde na mkomamanga vitakaa. Kunde chuma majani, yakizidi mama ayaanike awe na nsansa za kiangazi. Wasukuma watampenda.

Nyanya sasa hivi hapana. Mvua hizi zitaleta ukungu na utamaliza hela kwenye dawa. Sia kitaluni mwishoni mwa Aprili, hamishia kwenye viroba Mei, zikomae kiangazi. Viroba sita vinatosha kwa maji ya kuoshea mboga, na umwagilie shinani, siyo majanini.

Ngosha_Buswelu
Kwenye viroba nakubali. Huku kwangu kinyume chake, napandisha matuta ili maji yatoke. Lakini mama, hujamwambia habari za pimbi.

MgeniWaMawe
Pimbi gani tena?

MamaKitalu_Mabatini
Wale unaodhani ni panya wakubwa wanaoota jua juu ya jiwe lako saa moja asubuhi. Kabla hujasia mchicha nunua wavu wa kuku, ukunje chini kwa nje na uukandamize kwa mawe. Mawe unayo.