MREJESHO: Lile swali la mipira 8 mfukoni

Wakuu, nimerudi. Swali lilikuwa hili: mfukoni kuna mipira 5 myekundu na 3 ya bluu, unachomoa 2 bila kurudisha, uwezekano wa kupata angalau mmoja wa bluu ni upi? Mimi nilijumlisha 3/8 na 3/8 nikapata 3/4, kitabu kikasema 9/14, nikakilaumu kitabu.

Aliyeniambia "hesabu usichokitaka kwanza" ubarikiwe. Wote wawili wekundu: 5/8 × 4/7 = 20/56, yaani 5/14. Ukitoa kwenye 1, inabaki 9/14. Mistari miwili tu!

Ila sikuridhika, nikaorodhesha jozi zote 28 kwa mkono (ndiyo, usiku wa manane). Wekundu watupu 10, mchanganyiko 15, bluu tupu 3. Hapo ndipo nikauona mchawi: zile 3 za bluu tupu nilikuwa nazihesabu mara mbili, 15+3+3 = 21, na 21/28 ndiyo 3/4 yangu.

Kupanga herufi za BABA nako nimepata njia 6, siyo 24, maana B na A zinajirudia. Bado maswali ya kuchagua wajumbe wa kamati yananitoa jasho, nitafungua uzi mwingine.