Yule mama wa kituo leo kanimaliza kabisa

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka pale sasa hivi, nipo kwenye daladala, naandika kwa hasira mpaka konda kasahau kunidai nauli.

Yule mama mnamjua, simtaji. Mwenye miwani ya kamba na sauti inayofika Kibaha bila simu. Ukiwa na ndugu kiziwi anayeumwa akili na nyumbani mmeshindwa, utapita mikononi mwake tu, na kwa ada anayotoza ningeshajenga ghorofa.

Nimemkuta mdogo wangu kafungwa mikono. Kwa khanga, wakuu, kitandani, yote miwili! Nauliza kulikoni, mama anajibu huku anamenya chungwa: "Alikuwa anarusha mikono ovyo."

ANARUSHA MIKONO! Kiziwi! Alikuwa anaongea!

Nikasema labda sijamwelewa. Kanifungulia faili. "Mgonjwa anarusha mikono, ana fujo, kaongezewa sindano." Chini yake: "Bado anarusha mikono." Chini yake tena: "Ametulia." Si umemfunga! Nimemfungua, neno la kwanza ni jino. Jino linamuuma! Shavu limevimba hata bodaboda wa getini kaliona. Anawaambia jino, wao wanasema kichaa kimepanda.

Pale lugha ya alama anaijua mpishi peke yake, tena alama mbili, kula na kulala. Mama yeye anainama sikioni: "UME-KU-LA?" Kiziwi wa kuzaliwa! Wanaopasuka masikio ni vyumba vya jirani.

Anarusha mikono. Mods, msiunganishe uzi huu na wowote.

Kibarazani: Nimekaa paleee.

MzeeWaKahawa: Na wewe jino linavimba ulikuwa wapi? Au umemkumbuka leo ada imepanda?

Mleta uzi: Soma uzi kwanza mzee wangu. KAFUNGWA MIKONO.

NesiMstaafu: Nimefanya kazi wodi za akili miaka mingi. Hiyo sindano kama ni haloperidoli, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, inakaza misuli. Vidole vikikaza na kutetemeka, alama zake hata mkalimani atazisoma kwa shida, na wao wataandika kazidiwa. Uliza kama anapewa bensheksoli, dawa ya kupunguza huko kukaza. Faili ulilipiga picha?

Mleta uzi: Asante nesi. Picha sikupiga, nilikuwa naangalia lile chungwa. Hakuliacha hata kunijibu!

Mghaibuni: Huku Uingereza kuna wodi za viziwi wenye matatizo ya akili, London, Birmingham, Manchester, na baadhi ya wahudumu ni viziwi wenyewe.

KondaMstaafu: Tunajua upo Uingereza mkuu. Hata uzi wa bei ya nyanya ulisema "huku".

Mghaibuni: Sijasema peponi. Wodi zenyewe chache, mtu anapelekwa mbali na kwao.

BintiWaChalinze: Afadhali wako kafungwa. Shangazi yangu kiziwi alipigiwa kelele sikioni aseme kama anasikia sauti za watu wasioonekana. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu tu, kama anavyomwitikia kila mtu. Wakaandika anasikia. Karudi nyumbani na mfuko wa vidonge.

MzeeWaKahawa: 😂😂 Jamani nisamehewe, nimecheka.

SheriaMkononi: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, ya Afya ya Akili tangu 2008. Nenda ustawi wa jamii, pitia na CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, wakusaidie mkalimani. Kulia humu hakumfungui mtu.

Mleta uzi: NIMESHAMFUNGUA. Tatizo lenu hamsomi.

MikonoYangu: Mkalimani nipo hapa. Mnatuita mgonjwa akishapigwa sindano, nauli hamtoi, mwisho "ubarikiwe". Kuna hospitali nawadai tangu mwaka jana. Kwenye TV ndiyo kabisa, tunabanwa kwenye kiboksi pembeni, halafu yale maandishi ya habari yanapita juu ya mikono yetu. Kiziwi aone nini?

KondaMstaafu: Hiyo ya TV kweli. Juzi tangazo la kubeti limefunika matokeo ya mechi.

Kibarazani: Mechi ipi, ile ya penalti ya kupewa?

KondaMstaafu: Kupewa vipi? Beki kaudaka mpira mchana kweupe.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Yule mama kesho atamfunga tena.

MzeeWaKahawa: Mpira ulimgonga begani. Nilikuwa uwanjani, jukwaa la mzunguko.

KondaMstaafu: Mzee, kwa macho yako hayo, kutoka mzunguko?

NesiMstaafu: Mleta uzi, njoo PM. Nina daktari wa meno anayejua alama kidogo.

Kibarazani: Begani wapi, weka video.